Koti la Bendi Siku ya Sabato

Mliinamisha vichwa. Msiniambie kwamba mlikuwa mnasali, maana ninamjua mtu anayesali na ninamjua mtu anayejificha ndani ya kitabu. Yerusha aliposimama sinagogini katikati ya viti vya wanaume, siku ya pili ya Mwaka Mpya wetu, tope likimchuruzika miguuni, kila mmoja wenu alipata ghafla neno ambalo hakuwahi kulisoma kwa makini tangu azaliwe. Wengine mlifunua kurasa mbili kwa mkupuo. Kule juu kwa wanawake kunaonekana kila kitu, pamoja na vipara vyenu.

Sasa mtaani maneno ni yale yale ya kujifariji. Eti kifo ni ahadi. Eti Shegulabai alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, alikuwa mkaidi. Basi kaeni chini niwasimulie jambo ambalo mliligeuzia mgongo, kwa sababu mimi sikuligeuzia, na Mungu amenipa kichwa kisichosahau.

Lilianza na Baban, mwenye bendi. Mnaijua bendi yake, inapiga harusi na sherehe za wilaya nzima: matarumbeta, ngoma kubwa, ngoma ndogo na klarineti mbili, moja ikiwa ya Menashe Kurulkar, mtoto wa Shegulabai. Wapigaji wake huvaa makoti mekundu yenye vifungo vya shaba na kamba za dhahabu mabegani, dhahabu iliyokwisha kuwa rangi ya chai. Alhamisi ile Baban alikuja nyumbani kwa Menashe, akaketi kizingitini na mwavuli wake unadondoka maji, akakataa kuingia ndani asije akamwamsha mgonjwa.

Alieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba. Mwaka huu siku ambayo Wahindu hutosa baharini sanamu la mungu wao Ganapati imeangukia Jumamosi. Klarineti ya pili ni ya mpwa wake, na mpwa wake kalazwa na homa ya matumbo. Menashe akamjibu kama alivyomjibu miaka yote, kwamba siku nyingine yoyote yuko tayari hata usiku wa manane, lakini Jumamosi, siku ya Sabato, hapana.

Baban hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Wabaya wa hadithi hii hawakuvaa koti jekundu.

"Kaka, mimi nakujua," alisema. "Babu yako hakufungua kinu cha mafuta Jumamosi hata mkubwa gani aje na chupa yake. Sisi tuliwaita Wakamuaji wa Jumamosi, na tuliwaita kwa heshima. Lakini Ganapati hatoswi Jumapili ili kukupendeza wewe. Bila klarineti sina wimbo, nina kelele tu."

Akamwambia kwamba yuko mpiga klarineti wa mji wa Panvel anayeweza kuja, ila mtu huyo hataki siku moja. Anataka koti la msimu mzima wa harusi.

"Nikimvalisha, siwezi kumvua," Baban alisema.

"Na mimi utanivua."

"Kaka, sina koti la ziada."

Ndani jikoni sauti ya mbuzi ya nazi ikakatika. Yerusha, mke wa Menashe, alikuwa amesikia. Msimu wa harusi ndio uliolisha nyumba ile: ndio mchele, ndio mafuta ya taa, ndio vidonge vya sukari na vya moyo alivyomeza mama mkwe wake asubuhi na jioni. Baban alipoondoka Yerusha hakumwambia mumewe aende, wala hakumwambia asiende. Alimletea kikopo cha vidonge, akakitikisa sikioni mwake, kikalia vidonge vichache tu, akakirudisha rafuni.

Menashe alikwenda.

*

Alimwomba Baban amweke mstari wa nyuma. Akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akawa kama mtu aliyekwenda kuiba. Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya mwisho wa msimu, isiyo na haraka, na barabara nzima ilikuwa nyekundu kwa unga wa rangi waliourusha vijana. Sanamu lilikuwa juu ya mkokoteni, limevishwa maua, watu wanacheza mbele yake, na Menashe akipuliza huku macho yake yakiangalia visigino vya mtu aliyemtangulia.

Njia ya kwenda baharini hupita mbele ya nyumba ya Ziradkar. Huyo ni tajiri wetu, mwenyekiti wa kamati ya sinagogi, mwenye kinu cha mpunga kinachonguruma Jumamosi kama siku nyingine yoyote, kwa kuwa siku hiyo, tunaambiwa, kinu si chake bali ni cha Patil, mshirika wake Mhindu. Yeye huchangia sherehe ya Ganapati kila mwaka, na kila mwaka msafara husimama barazani kwake avishwe shada la maua. Wala silaumu hilo. Majirani ni majirani.

Msafara ukasimama. Ziradkar, kavaa nyeupe tupu, akamwambia Baban apige kitu kitamu. Na Baban, maskini, akitaka kumfurahisha Myahudi kwa kitu cha Kiyahudi, akageuka nyuma akamwita Menashe aje mbele apige ule wimbo wao wa Nabii Eliya.

Wimbo wenyewe mnaujua. Ndio tunaouimba sahani ya mchele mtamu wenye nazi na matunda inapowekwa katikati ya chumba, mtu anapoweka nadhiri au mtoto anapopona. Babake Menashe aliuimba kwa harmoniamu, akisimulia habari za manabii kwa Kimarathi mpaka watoto wakalala mapajani mwa mama zao. Na msijifanye hamjui sauti yake ilitoka wapi. Ilitoka kwa hawa hawa majirani, kwa waimbaji wao wa hekaluni, na sisi tukaitia maneno yetu. Imetutosha vizazi na vizazi, na Mungu hajalalamika.

Menashe akaja mbele, akapiga. Alipiga vizuri, kwa sababu hakujua kupiga vibaya. Vijana waliokuwa wakirukaruka wakatulia. Ziradkar akashuka ngazi akiwa na noti mkononi, akaizungusha juu ya kichwa cha mpiga klarineti kama inavyofanywa kumwondolea mtu husuda, mara ya kwanza, mara ya pili, akitabasamu. Kisha akaona uso ulio chini ya kofia. Mkono ukabaki hewani na noti yake, Jumamosi mchana, siku tusiyogusa fedha, mbele ya watu. Akaichomeka haraka mdomoni mwa klarineti, akapanda ngazi asigeuke.

Nyumbani, kitandani karibu na dirisha, Shegulabai alikuwa amefumba macho. Ujanani mama huyu aliongoza nyimbo za hina katika kila harusi yetu, ngoma yake ya dholaki mapajani, na alikuwa anaweza kukwambia kwa kusikia tu ni nani katika kundi anayeimba kwa kulazimishwa. Yerusha alimwuliza kama kelele za bendi zinamsumbua afunge dirisha. Alisema liache wazi.

*

Kamati ilimwita Menashe siku chache baadaye. Aliambiwa aje na baragumu.

Hapa kuna jambo ambalo nyinyi mnalijua na mnajitia kulisahau. Baragumu lile ni pembe ya kondoo aliyechinjwa katika harusi ya babu yake Menashe. Babu aliichemsha, akaitoboa, akaisugua kwa mchanga mpaka ikalia. Akalipuliza yeye, akalipuliza mwanawe, akalipuliza Menashe, na kila Mwaka Mpya sisi sote tulisimama tukatetemeka kwa pumzi ya ukoo ule. Sala ikiisha, kabla hajala, Menashe alilichukua akaenda kuwapulizia wagonjwa majumbani mwao. Mama yake alikuwa wa mwisho kila mwaka. Shegulabai hakutia kitu mdomoni siku ile, hata maji, mpaka asikie. Hakuna mtu mtaani asiyejua desturi yake hiyo.

Walimsimamisha karibu na mlango, palipo na viatu. Wakamsomea makosa: kazi siku ya Sabato, tena kazi mbele ya sanamu. Menashe hakukana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, jambo moja.

"Tajiri, noti ulinizungushia kichwani kwa mkono wako. Sabato ilikuwa yangu peke yangu?"

Ziradkar alikuwa amejiandaa. "Mimi nilishiriki kwa ajili ya ujirani mwema," alisema. "Kuishi vyema na majirani ni jambo moja, Menashe. Kupuliza kwa ujira ni jambo jingine. Mdomo uliompulizia Ganapati hauwezi kutusimamisha mbele ya Mungu."

Mjumbe mmoja akatania kwamba huenda mwaka huu tungesikia tumbuizo la Ganapati katikati ya sala, tukaanza kucheza. Wakacheka. Menashe akalifungua baragumu mezani, akataka kuondoka na kile kitambaa alicholiviringia, kipande cha sari ya harusi ya mama yake. Wakamwambia akiache, pembe isije ikakwaruzika kabatini. Akakiacha.

*

Mwaka Mpya ukaingia Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi akapuliza mgeni kutoka Bombay, aliyeletwa na Ziradkar na kufikia nyumbani kwake. Sitawadanganya: alipuliza vizuri. Mlio mrefu, milio iliyovunjika, milio ya kilio, vyote vilikuja mahali pake. Watu wakatazamana wakaridhika, na mimi nikaona wepesi wa kumsahau mtu.

Kwa Menashe, Shegulabai aliamka mapema, akaoga kwa msaada wa mkwewe, akavaa sari nyeupe. Hakunywa chai. Hakumeza vidonge. Menashe alimkumbusha kwamba sheria yenyewe inamwamuru mgonjwa ale. Alijibu kwamba sheria anaijua, na tumbo lake pia analijua, na saa ya kula itafika kama kawaida. Hakuwa na wasiwasi. Kwake yeye haikuwa kufunga. Ilikuwa kungoja, na kungoja alikuwa amezoea.

Hawakuwa wamemwambia kwamba baragumu halimo tena mikononi mwa mwanawe.

Walijaribu kumwinua wamkalishe kwenye kiti wambebe hadi sinagogi. Kabla ya kufika mlangoni akazimia, wakamrudisha. Ingewezekana kumbeba na kitanda chake, lakini kitanda kile kinataka wanaume wanne, na nyumba ina mmoja. Basi Menashe akaenda, akangoja langoni mpaka sala ilipoisha. Alimwomba Ziradkar mgeni apite nyumbani kwake, mwendo wa kumaliza sigara moja. Ziradkar hakumfokea. Alimwambia kwa upole kabisa kwamba mgeni amechoka na chakula kiko tayari, ila alasiri watu wote watateremka ufukweni kutupa dhambi zao majini, na hapo watapita.

Mlipita? Mliteremka kwa njia ya juu, kwa sababu uchochoro wa akina Kurulkar ulikuwa na tope na nyinyi mlikuwa mmevaa nguo nyeupe. Yerusha aliwaona kutoka kwenye kona, mstari mweupe mrefu, mkienda kukung'uta mifuko yenu baharini.

Jua lilikuwa linazama. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kupasuka, na maneno yake yanakuja moja moja. Yerusha alimvuta mumewe jikoni. Akaichukua klarineti kutoka kwenye msumari, akamwekea mikononi.

"Piga kama baragumu," alisema. "Yeye ni mgonjwa, hatajua. Ale kwanza. Dhambi iwe yangu."

Menashe aliishika kwa mikono miwili. Kisha akageukia ukuta, akashika sauti moja chini kabisa, akaipandisha kwa kifua bila kupamba chochote, ikaenda, ikaenda, ikakatika. Akapiga milio iliyovunjika. Akapiga milio ya kilio. Yerusha akakimbilia chumbani na bakuli la uji.

Shegulabai alikuwa amefumbua macho. Hakutazama bakuli. Alisema mwanangu aje nimwone.

"Nani amepuliza?" alimwuliza.

"Mgeni kutoka Bombay, mama. Yuko nje, ana haraka."

"Mgeni kutoka Bombay ana pumzi ya mwanangu?" Akapumzika. "Hata Jumamosi ile nilikusikia. Uliupiga wimbo wa Eliya vizuri kuliko baba yako. Nililia."

"Kula, mama. Nakuomba."

"Nikila kwa klarineti nimekula kwa uongo. Leo ndiyo siku ya watu kuandikwa kule juu, na uongo huo utaandikwa kwenye jina lako, si langu. Baragumu wamekunyang'anya?"

Menashe alikubali kwa kichwa.

"Basi mwambie Yerusha afunike uji," alisema. "Watakuja kesho. Hawawezi kukosa wote."

*

Hawawezi kukosa wote. Aliwatukuza namna hiyo. Aliwakumbuka watu aliowaimbia walipopakwa hina, akadhani na wao wanakumbuka.

Siku ya pili Menashe hakuweza kumwacha, maana mama alikuwa hamjui tena mtu wala saa. Walijaribu kumtilia maji kwa kijiko, yakatoka pembeni mwa mdomo. Ndipo Yerusha alipokuja mwenyewe. Hakupanda juu kwetu wanawake. Aliingia moja kwa moja kwenye upande wenu, mvua ikimtoka nguoni, akasimama pale katikati, na sala ikasinyaa mpaka ikawa mnong'ono.

Alisema hivi, na sijapunguza wala kuongeza: "Mama mkwe wangu hajala tangu juzi jioni. Nipeni baragumu. Hamtaki, nipeni mtu mmoja wa kulipuliza. Hamtaki, nipeni wanaume wanne wabebe kitanda."

Mgeni kutoka Bombay aliinama akamwuliza Ziradkar kuna nini. Nilimwona Ziradkar akimjibu, na mtu wa karibu aliyasikia maneno yake: mambo ya mtaani tu, endelea. Yule mgeni hakujua. Nyinyi mlijua. Mlikuwamo zaidi ya wanne, na mikono yenu ilikuwa mizima, imeshika vitabu.

Mwangalizi wa sinagogi akamshika Yerusha kiwiko, kwa adabu, akamsindikiza nje. Mlango ulipofungwa sauti zenu zikapanda tena, na nzuri kweli kweli.

Yerusha alipofika nyumbani, Menashe alikuwa ameketi sakafuni. Uji ulikuwa bado umefunikwa.

Jumatano mlikuja kumbeba. Siku hiyo mikono haikukosekana, ilibidi wengine wangoje zamu ya kushika jeneza. Ziradkar alitembea mbele, na njiani nilimsikia akisema kwamba mama huyu alikuwa hazina ya nyimbo zetu. Hakuna aliyemcheka. Mchana ule ule Menashe akamrudishia Baban koti limekunjwa, na klarineti juu yake, kwa kuwa mtu aliyemzika mama yake hakaribii muziki mwaka mzima. Baban alimwambia watu wataelewa, kazi ni kazi. Menashe akamwambia Sabato moja imetosha. Mtu wa Panvel amekwisha kuvaa koti. Yerusha sasa anaosha vyombo nyumba za watu, moja ikiwa jirani na ya Ziradkar, na anapita mlango wa nyuma.

Hayo ndiyo niliyotaka myasome kwa makini.

Sasa hesabuni. Siku ya Toba inaingia kesho jioni. Tangu mkiwa wadogo mmefundishwa kwamba Mungu husamehe mliyomkosea yeye, lakini mliyomkosea mtu hayagusi mpaka mwende mkamwombe mtu huyo radhi kwa mdomo wenu. Na akiwa amekufa, mmefundishwa pia: wanaume kumi huenda kaburini, wakasimama, wakasema kwa sauti kwamba wamekosa. Si mimi niliyeitunga sheria hiyo. Ni yenu, iko kwenye vitabu vile vile mlivyojifichia.

Mimi ni mwanamke, sihesabiwi. Menashe anaomboleza, naye si mdeni mwenzenu. Kwa hiyo bado wanahitajika wote kumi, na leo. Si baada ya mfungo, wala si kamati itakapokaa. Wewe unayesoma, weka karatasi hii chini. Pitia kwa Ziradkar umwambie akupe ufunguo wa kabati. Akikataa, kabati lenyewe ni la mbao laini. Mpelekee Menashe baragumu la babu yake pamoja na kitambaa chake, umwombe radhi yeye na mkewe, mlangoni, mbele ya majirani. Kisha shika njia ya makaburini, uchochoro wa chini, ule wenye tope.

Vaa viatu. Nenda.